Kihambani, Arusha au Moshi mjini: mzazi aliyezeeka akae wapi?

Desemba ni mwezi mbaya wa kuamua mzee akae wapi. Tarehe 27 nyumba yetu ya kihambani, yaani kwenye shamba la ukoo kule Marangu, mlimani Kilimanjaro, ina watu ishirini na wawili, jikoni moto haujazimika tangu Krismasi, wajukuu wanamzunguka bibi yao, naye amevaa kitenge kipya na anacheka. Kila anayemwangalia anaona mama yuko sawa. Kikao kinafungwa kwa sala na maneno yaleyale ya kila mwaka: "Abaki nyumbani, tutakuwa tunatuma." Ikifika tarehe 3 Januari magari yote yameshateremka Himo, na mama amebaki na kijana wa ng'ombe.

Sisi tuliamua hivyo. Mei iliyofuata mama akaanguka.

Kwa hiyo ukitaka kulinganisha kwa haki, panda nyumbani Jumanne moja ya katikati ya masika, bila kumwambia mtu, ulale hapo. Sikiliza mzazi anaamka mara ngapi, anapita wapi kwenda chooni, na akiita ni nani anayeitika. Kisha rudi kwako mjini, ulale usiku wa siku ya kazi ukijiuliza maswali hayohayo. Mimi nimeishi na mama yuleyule pande mbili: kule kihambani, halafu miezi kumi na minne kwangu Arusha, na sasa amerudi mlimani. Mama mkubwa, dada yake, anakaa Moshi mjini na hataki kuhama. Nitazipanga hizo sehemu tatu jambo kwa jambo, na nitasema wazi pale ambapo nina upande.

Saa nane usiku

Naanza na usiku kwa sababu ndio uliotuumiza. Choo cha shimo kilikuwa hatua thelathini kutoka mlango wa nyuma, kupita banda la ng'ombe, na kijia chake kilikuwa cha udongo mtupu. Kuanzia Machi hadi Mei udongo ule unateleza kama sabuni. Mama ana presha, na kimoja kati ya vidonge vyake ni cha kutoa maji mwilini. Alikuwa anakimeza jioni na chai, kwa mazoea tu, basi kila usiku alitoka mara tatu, mara nne. Alianguka saa nane na nusu, nyonga ikavunjika, akakaa kwenye matope mpaka kijana alipoamka kukamua. Walimbeba juu ya kiti cha mbao, wanaume wanne wakipokezana, wakapita naye migombani hadi barabara ya gari, na kutoka hapo ni gari la Noah moja kwa moja hadi KCMC, hospitali ya rufaa ya Moshi.

Daktari aliyempokea aliuliza kile kidonge anakimeza saa ngapi. Tuko watoto watano, hakuna aliyejua. Siku hizi anakimeza asubuhi, na usiku huamka mara moja. Mzazi wako akiwa na dawa za presha au za moyo, usizipange upya mwenyewe, lakini kliniki ijayo uliza swali hilo kabla ya lolote.

Kwangu Arusha choo kilikuwa ndani, hatua sita kutoka kitandani, na taa inawashwa ukutani. Kwa hilo mjini kunashinda bila ubishi. Ila malumalu yakilowa nayo yanaangusha, na mwezi wa kwanza nilichelewa kufunga vyuma vya kushikia. Halafu likaja jambo ambalo sikulitarajia: mama alianza kuamka saa kumi alfajiri kutafuta mlango wa banda. Nilimkuta anapapasa ukuta wa korido. Nyumba hakuwa anaijua, na kwenye giza akili yake ilikuwa inampeleka Marangu.

Baadaye tulijenga choo cha kukaa na bafu kule kihambani, vikaungana na chumba chake, sakafu ya saruji iliyokwaruzwa isiteleze, taa ya sola na simtanki ya lita 1,000. Gharama yote ilikuwa shilingi milioni 3 na laki mbili. Nilijuta, maana pesa hiyo tulikuwa nayo Desemba ile tuliyofunga kikao kwa sala. Kwa hiyo mtu akiniambia mlimani hakufai kwa sababu ya choo, namwambia choo kinajengwa kwa wiki tatu. Kigumu kupata ni mtu wa kuitika saa nane usiku, na huyo ni mgumu Arusha vilevile.

Mchana, ambao watu wengi wanausahau

Ukiwauliza wengi kwa nini wanamtaka mama mjini watasema "apumzike". Mimi pia nilisema hivyo. Sikujua kupumzika kwa mtu aliyelima maisha yake yote kunafananaje.

Kihambani siku yake ina kazi ndogondogo. Anazunguka migomba, anatoa majani makavu, anaonyesha kwa fimbo mkungu ulio tayari kukatwa. Wanawake wanaotoka sokoni wanasimama kwenye ua wa masale wanamsalimu kwa Kichagga, anapewa habari za msiba, za ndoa, za nani mfongo wake, mfereji wa maji wa shambani, umekauka. Ibada za nyumba kwa nyumba zinafika kwake. Kaburi la baba liko hapohapo, hatua chache kutoka dirisha lake, na asubuhi anapita kuliangalia. Hayo yote hayaonekani kwenye hesabu za kikao.

Arusha tulikuwa tunatoka saa kumi na mbili asubuhi, tunarudi saa moja jioni. Uzio mrefu, geti limefungwa, jirani hatumjui kwa jina. Dada wa kazi alikuwa msichana mwema, lakini ana miaka ishirini na hajui Kichagga. Runinga inaongea kutwa.

Alhamisi moja nilirudi mapema, saa tisa. Mama alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki akilitazama geti, kanga imefungwa vizuri kichwani, na mfuko mapajani.

"Shikamoo mama. Unakwenda wapi?"

"Marahaba mwanangu. Nasubiri gari. Ng'ombe hajala tangu jana."

Nikaufungua ule mfuko. Ndani mlikuwa na ukoka wa bustani yangu, ameuchuma kwa mikono, shina kwa shina, akaulaza upande mmoja na kuufunga kwa kipande cha kitambaa. Fungu la ng'ombe mmoja, limefungwa vilevile alivyokuwa akilifunga nilipokuwa mtoto. Vidole vyake vilikuwa vya kijani hadi kwenye kucha.

Kliniki walitueleza kwamba mtu anayeanza kupoteza kumbukumbu hushikiliwa na mahali alipopazoea: mlango uko wapi, sufuria iko wapi, sauti ya nani inaita. Ukimhamisha, vile vishikilio vinakatika vyote kwa mara moja, na mara nyingi jioni ndiyo huwa mbaya zaidi. Ndivyo ilivyokuwa. Kwangu hakujua jikoni ni wapi. Aliporudi Marangu, wiki ya pili alikwenda mwenyewe kabatini kuchukua kikombe chake.

Lakini nisimdanganye mtu. Mlima una makorongo, mifereji ya maji na miteremko mikali. Mzee ambaye kumbukumbu imemtoka kabisa na miguu bado ina nguvu anaweza kutoka alfajiri asionekane. Kwa mtu wa namna hiyo uzio wa mjini ni msaada wa kweli, na kihamba bila mtu wa kumfuata nyumanyuma ni hatari kuliko upweke. Mama yangu anatembea kwa mkongojo, hafiki mbali. Hilo ndilo lililoamua kwetu, na kwenu huenda likaamua kinyume.

Hospitali

Hapa watu hupima kilomita, na mimi naona bora kupima mara ngapi. Kutoka Marangu hadi Moshi ni kama kilomita 40 za lami. Huku mlimani kwenyewe kuna hospitali za kanisa, Marangu, Kilema, Kibosho, Machame, kutegemea uko upande gani. Kama mzazi anakwenda kliniki ya presha au sukari kila baada ya miezi miwili au mitatu, hiyo si sababu ya kumng'oa nyumbani. Kodi gari siku hiyo.

Kama anasafishwa damu kwa ajili ya figo mara tatu kwa wiki, basi mlimani hawezi kukaa, aje Moshi au Arusha na mazungumzo yaishe. Vivyo hivyo kwa aliyetoka kupata kiharusi na bado yuko kwenye mazoezi ya viungo. Na kiharusi cha pili kikija, saa za mwanzo ndizo zenye maana. Barabara ya kijijini kwenu wakati wa mvua itakula saa ngapi? Waulizeni bodaboda wa hapo, msijibu wenyewe.

Arusha kuna Mount Meru na hospitali nyingine kubwa, na kwa umbali mjini kunashinda. Ila siku ya kliniki ya mama nilikuwa naomba ruhusa kazini, na ruhusa ilikuwa inachosha kuliko barabara ya Himo.

Kuhusu bima: mtoto aliyeajiriwa na anayechangia bima ya taifa kupitia mwajiri anaweza kumwandikisha mzazi kuwa mtegemezi wake, ila nafasi zina ukomo, na watoto wake nao wanahesabiwa humo. Tazameni kati yenu ni nani ana nafasi wazi. Kwetu alikuwa mdogo wangu ambaye hajaoa, na hakuna aliyemfikiria kwa miaka minne. Mzee wa miaka 60 na kuendelea asiye na uwezo ana haki ya matibabu bure, na utaratibu wa kitambulisho unaanzia kwa mtendaji wa kijiji au mtaa. Dirisha la wazee hospitalini mlitumie, watu wanaona haya bure.

Nani atabeba

Nikiambiwa nichague jambo moja katika haya yote, nitachagua hili. Msianze na nyumba. Anzeni na mtu.

Mila yetu ilikuwa na jibu. Kitinda mimba wa kiume anabaki na nyumba ya wazazi, na kwa kubaki nayo anabaki nao. Tukisema ukweli, aliyebeba alikuwa mke wake. Leo kitinda mimba wetu yuko Mwanza, ana kazi na watoto shuleni, hawezi kurudi. Tulikaa miaka mitatu tukisubiri mila ifanye kazi ambayo haikuwa na mtu wa kuifanya.

Aliyejitolea ni wifi yangu, mke wa kaka wa pili, aliyekuwa na biashara ndogo ya mitumba Himo. Nilipomuuliza angependa nini, alinyamaza kidogo akasema: "Wifi, mimi mama nampenda. Lakini nikifunga kibanda, nitaomba hata pesa ya vocha kwa nani?" Maneno hayo yalinifedhehesha, kwa sababu wote tulikuwa tumepanga kumshukuru. Sasa tunampa laki mbili na nusu kila mwezi, tarehe moja, kabla ya mambo mengine yote. Kuna shangazi aliyesema tunamlipa mkamwana kwa kumtunza mkwe wake, ni aibu. Sikubaliani naye. Aibu ni mwanamke mmoja kupoteza riziki yake ili watano wengine wabaki na za kwao.

Chini yake kuna msaidizi wa mchana na mwingine anayelala chumba cha pili. Mwanzoni alikuwa mmoja. Mama ana uzito wa kilo 68, na baada ya upasuaji alipaswa kugeuzwa kila baada ya saa mbili ili asipate vidonda vya kulala. Binti mmoja hawezi kumgeuza mtu hivyo usiku na mchana, wiki baada ya wiki. Yule wa kwanza aliondoka bila kuaga, na wapo waliomlaumu. Mimi nilipolala hapo usiku mbili nilimwelewa. Kama mna uwezo wa mtu mmoja tu, basi mmoja wenu alale hapo mwisho wa wiki ili binti apumzike, na siku yake ya mapumziko iandikwe, isiwe hisani.

Arusha aliyebeba ni mimi. Sitaki kusema mengi, mama asije akadhani nilichoka naye. Nitasema tu kwamba mwezi wa kumi nilimfokea kwa sababu ya shuka, akaomba msamaha kama mtoto, na usiku huo nilimpigia kaka simu nikamwambia tubadilishe.

Pesa

Kihambani tunatumia kama laki sita na nusu kwa mwezi, tukigawana watano: wifi, wasaidizi wawili, dawa, pampasi za watu wazima za usiku, na nyama. Ndizi, maziwa na mboga vinatoka shambani. Kwangu ilikuwa kama laki nne na nusu, nafuu ukiangalia juujuu, lakini karibu yote ilitoka mfukoni kwangu. Mzazi akihamia kwa mtoto mmoja, wengine huacha kutuma taratibu, na si kwa ubaya. Wanaona sasa yuko mahali pake. Kama mnachagua nyumba ya mmoja wenu, mchango uandikwe siku hiyohiyo ya kuhama, kwenye kundi la simu ambapo kila mtu anaona nani ametuma.

Moshi mjini, katikati ya njia

Mama mkubwa ni mwalimu mstaafu, ana miaka 78, kichwa chake ni kizima kuliko changu. Alipofiwa na mumewe aliikataa nyumba ya mwanawe wa Arusha na pia hakutaka kurudi kihambani Kibosho. Amepanga vyumba viwili na jiko upande wa Rau. Bajaji inamfikisha hospitali muda mfupi tu, kanisani anakwenda kwa miguu, sokoni anajulikana. Mwanawe anapanda Kosta Jumamosi, kilomita kama 80, anarudi Jumapili. Kihambani anakwenda siku za kuvuna kahawa na siku za misiba.

Kwa mzee mwenye akili timamu, miguu inayomtii na pensheni yake mwenyewe, huu ndio mpango ninaoupenda kuliko yote. Wengi hawaufikirii kwa sababu unaonekana kama kumwacha mama akae chumba cha kupanga wakati nyumba ya ukoo iko wazi. Joto la Moshi linamsumbua Januari na Februari, analala na feni. Lakini Juni na Julai, baridi ya mlimani inapowakamata wenzake vifuani, yeye yuko vizuri. Upungufu wake ni mmoja: siku atakapohitaji mtu wa usiku, vyumba viwili havitatosha. Tumeshamwuliza. Amesema siku hiyo ikifika tumpeleke Kibosho, na ameliandika.

Mengine mawili

Kumzungusha mzee, miezi mitatu kwa kila mtoto, kunaonekana haki kwa watoto. Kwa mzee ni kuanza upya mara nne kwa mwaka, kitanda kipya, choo kipya, dawa zikisahaulika kwenye begi la safari. Tulijaribu raundi moja. Sikushauri.

Makao ya wazee ya serikali yapo, Moshi kuna Njoro. Yapo kwa ajili ya wasio na mtu, na Sera ya Taifa ya Wazee inaweka familia na jamii mbele, makao yakiwa kimbilio la mwisho. Kwa familia yenye watoto watano wenye kazi siyaweki kwenye ulinganisho. Ila kama jirani yenu ni mzee aliyebaki peke yake kabisa, nendeni kwa mtendaji wa kijiji na afisa ustawi wa jamii. Msingoje mpaka ashindwe kuamka.

Kumuuliza mwenyewe

Usimwulize mbele ya kikao. Mbele ya watoto wote mama atasema, "Popote mtakaponiweka," na hilo si jibu, ni adabu. Mimi nilimwuliza tukiwa wawili tunapukuchua maharage. Sikumwuliza anataka kukaa wapi. Nilimwuliza akiamka asubuhi angependa kumsikia nani. Akataja wifi, akataja ng'ombe, akataja jirani wa bondeni ambaye wamesali pamoja miaka arobaini. Hakutaja hata mmoja wetu. Iliniuma kidogo, halafu nikaona ametupa orodha tuliyokuwa tunaitafuta.

Sasa kitandani kwake kuna kengele ya ng'ombe iliyofungwa kamba, inapita juu ya mlango hadi chumba anacholala msaidizi. Juzi aliivuta saa tisa usiku. Binti akakimbia, akamkuta amekaa kitako, mzima kabisa. Alitaka kujua kama kuna mtu aliyewaingiza mbuzi, maana alisikia mvua. Kikao chetu kijacho ni Juni, mama atakuwepo, na kila mmoja atafika siku moja kabla ili alale hapo kwanza.